Kizibao cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakuitazama nguo kwa nje kabla hajaigeuza. Shati, suruali, hata kofia ya mgeni ikimfikia mkononi, kwanza alitaka kuona bitana, pindo, na mahali fundi alipofungia uzi. Alisema upande wa nje kila fundi anaujua kwamba utaonwa, kwa hiyo haumwambii chochote. Akishaona ndani ndipo aliposema asante, au akanyamaza.

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake wanazo watoto wake wa kiume. Mimi nilimkuta akiwa tayari mtu mzima mwenye mvi, na nilimjua kwa namna mkwe anavyomjua baba mkwe: kwa pembeni, kwa heshima, na kwa woga kidogo. Jina lake sikuwahi kulitamka mbele yake, na leo pia sitalitamka.

Alilima kahawa na mahindi huko Ruanda, Ruanda ya kwetu Mbinga, si ile nchi. Shamba lake lilikuwa kwenye mlima mkali, wa kulimwa kwa ngoro, yale mashimo ya mraba yenye matuta pande zote ambayo Wamatengo wameyachimba tangu zamani ili mvua isiondoke na udongo. Kulima ngoro ni kuinama. Mwezi wa sita na wa saba mtu anainama ndani ya ukungu, mgongo uko juu, na upepo unajua mahali shati linapoishia.

Mimi sikuyajua hayo. Mimi ni mtu wa Chiwanda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako tunavaa nguo kwa ajili ya adabu na jua. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye miguu alikuwa anauza kitu, na mimi nilikuwa napandisha usipa, dagaa wetu wadogo wa ziwani, juu ya malori hadi Mbinga mjini. Huko ndiko nilikomwona Skola, binti yake, akiuza maharage sokoni karibu na meza yangu. Nikapeleka mshenga.

Nilipokwenda kujitambulisha ilikuwa mwezi wa saba, na nilivaa shati jeupe la mikono mifupi, lililopigwa pasi vizuri. Baba mkwe hakuniuliza mimi kitu. Alimwuliza mshenga kama shati lile ndilo pekee nililokuwa nalo au nililichagua. Mshenga akajibu haraka kwamba kijana ana nguo nyingi. Basi, akasema baba mkwe, ama haijui baridi, ama anataka tumwonee huruma. Nilikaa pale meno yakigongana, nikijaribu nisionekane kama mtu anayetaka kuonewa huruma.

Alinikubali, lakini alinikubali kama alivyokubali mambo mengi, akiwa bado anayachunguza.

Alishuku kila kitu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kufika vijijini na mizani zao, yeye alikwenda na jiwe. Lilikuwa jiwe la mtoni, laini, ambalo zamani alilipima kwenye mizani ya ushirika. Aliliweka kwanza kwenye mizani ya mnunuzi, akasoma, ndipo akaweka gunia. Mnunuzi mmoja alikasirika akauliza kama anaitwa mwizi. Baba mkwe akamjibu kwamba jiwe halijasema neno. Usidhani lakini kwamba aliuamini ushirika. Uzito uliosomwa na ushirika alikwenda kuulinganisha na mizani ya misheni, ukatofautiana kidogo, na tangu hapo alizishuku mizani zote mbili, na jiwe lenyewe pia.

Taarifa ya habari aliisikiliza amekunja mikono. Msomaji akimaliza, yeye aliielekea redio na kusema kwa upole, kama anayezungumza na mtu aliyekaa mbele yake, "Haya. Na yale ambayo hukusema?"

Mvua ikiwahi alishuku. Padri akihubiri vizuri kuliko kawaida, alirudi nyumbani akiuliza kuna mchango gani unakuja.

Na bado nyumba yake haikuwa na kufuli. Majembe yake, mashine yake ya kukobolea kahawa, hata blanketi, alimwazima yeyote aliyebisha hodi, wala hakufuatilia. Jambo hili lilinitatiza sana. Siku moja nilijipa moyo nikamwuliza, naye akanieleza kana kwamba ni jambo la wazi: mtu akija kuomba, unajua amefuata nini. Akija na zawadi, hujui.

Mtu mmoja tu hakumshuku, naye ni Skola. Mama mkwe ndiye aliyeniambia. Skola akiwa mdogo ndiye aliyetumwa kuangalia kama kahawa imekauka, kama mfereji umeziba, kama mgeni anayesemwa kweli yuko njiani. Akirudi na jibu, baba yake hakwenda kuhakikisha. Wavulana wakileta habari ileile, alinyanyuka akaenda kuona mwenyewe.

Sasa niseme kuhusu vizibao.

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tulipanga chumba Mbinga mjini, nami nilitaka kumpelekea baba mkwe kitu cha kumkinga na baridi. Marobota ya mitumba yalikuwa yakifunguliwa sokoni, watu wakiyavamia kabla kamba hazijakatwa vizuri. Nikaona kizibao chekundu, kimejazwa kikajaa, kinang'aa, kina mishono mipana ya kukingama. Nilikinunua nikakipeleka siku hiyohiyo, bila hata kumwonyesha Skola.

Baba mkwe alikigeuza. Akapitisha kidole kifuani, upande wa kushoto, akakuta alama ndogo ya mraba ambapo rangi ilikuwa nyekundu zaidi na palikuwa na matundu ya sindano. Akaniuliza hapa palikuwa na nini. Nikasema sijui, baba. Akasema palikuwa na beji. Nani ameitoa, na kwa nini hakutaka ionekane?

Mama mkwe alikifua, na kilipokauka ule ujazo wote wa ndani ulikuwa umeteremka hadi kwenye pindo, juu kumebaki kitambaa kitupu, chini kizibao kina tumbo la mjamzito. Kikatundikwa kwenye msumari katika stoo ya kahawa. Kila nilipokwenda kusalimia nilikiona, na niliamini kwamba kilitundikwa pale ili nikione.

Skola alinicheka, kisha akaona kwamba limeniuma. Tukakubaliana kwamba safari ya pili tutakwenda pamoja na tutanunua kipya.

Mwenye duka la nguo mpya alikuwa Mzee Athumani, mtu mwenye asili ya Kilwa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikaa Mbinga miaka mingi na hakuizoea baridi wala watu. Mteja akiingia, yeye alitazama kwanza mlangoni kuona nani anafuata nyuma. Bidhaa mbaya aliziweka mbele na nzuri nyuma ya pazia, na ulilazimika kuzikataa zile ili uzione hizi. Watu walisema anaficha mali. Yeye alisema mali ikionekana sana huletewa maswali.

Tulikwenda mwaka uliofuata, asubuhi ya manyunyu, mtoto wetu wa kwanza mgongoni mwa Skola. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kizibao cha buluu chenye mifuko mingi. Skola alinivalisha, akaniambia niiname kama mtu anayelima ngoro. Niliinama katikati ya duka. Akanionyesha kwa kidole cha baridi jinsi kilivyopanda na kuuacha mgongo wangu wazi juu ya mkanda. Hapo, akasema, ndipo baba anapoumwa.

Akachukua kingine. Akafumbata kiganjani ule ujazo, akauachia, akangoja. Haukurudi. Akachukua cha tatu, akakiinua dhidi ya mwanga wa mlangoni, na kati ya mishono kulionekana mwanya ambao hauna kitu ndani. Alilowesha kidole akasugua kitambaa aone kama kinatoa rangi. Alipandisha zipu na kuishusha hadi Mzee Athumani akauliza kama mama huyu ametumwa na kiwanda. Skola akamwambia ametumwa na baba yake, ila baba mwenyewe hajui.

Nadhani jibu hilo lilimpendeza. Alikwenda nyuma ya pazia akatoka na kizibao cha rangi ya kahawa iliyokaangwa. Mishono yake ilikuwa miraba midogo midogo, kila mraba umefungwa peke yake, kwa hiyo ujazo usingepata njia ya kuteremka. Bitana yake ilikuwa pamba laini. Kwapani kilikatwa kwa kipimo, mkono unainuka bila kufungua mlango wa upepo. Kola ilisimama shingoni, zipu ilikuwa ya chuma, na mgongo ulikuwa mrefu kuliko mbele. Nilikivaa nikainama tena. Nikiwa nimeinama vile, mimi mtu wa ziwani, nikaelewa kwa mara ya kwanza wenzetu wa juu wanazungumzia nini wanaposema joto.

Tulilipa tukaondoka. Mzee Athumani hakutoa risiti, kwa kuwa hakuwa na mazoea hayo, na sisi hatukuuliza.

Jumapili baada ya misa nilikitoa kwenye mfuko mbele ya baba mkwe. Alikigeuza, akakipeleka nje kwenye mwanga. Alikaa nacho muda mrefu kiasi kwamba chai yake ilipoa. Nilimwona akitafuta, kidole kikipita mraba kwa mraba, na nilijisikia fahari nikijua hataona kitu. Hakuona. Aliporudi ndani uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. Aliuliza nimekitoa wapi. Nikamtajia duka. Akasema asante, akakikunja, akakiweka kando yake kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze.

Kasoro angeielewa. Kukosekana kwa kasoro kulimkosesha usingizi.

Na bahati haikuwa upande wangu. Wiki ileile zilipanda habari kwamba lori lenye nguo mpya lilikuwa limeharibika kwenye mteremko wa kwenda ziwani, na watu wasiojulikana walilifungua wakabeba walichoweza. Njia ile ndiyo njia yangu. Malori yale ndiyo niliyokuwa nikipanda juu yake na magunia yangu ya usipa. Hakuna aliyenitaja. Lakini baba mkwe hakuhitaji kutajiwa mtu. Aliweka jambo moja karibu na jingine, akayatazama.

Nilikuwa Chiwanda alipokwenda mjini. Alikwenda kwa miguu, kizibao kikiwa ndani ya mfuko wa unga. Yaliyotokea dukani nimesimuliwa baadaye na wote wawili, na hawakupishana. Aliingia, hakusalimia sana, akakitoa kizibao, akauliza: hiki umekiuza wewe? Ulimwuzia nani? Ulimpa karatasi yoyote?

Mzee Athumani alimwona mzee mgeni kutoka milimani, ameshika nguo ndani ya mfuko kama ushahidi, anauliza habari za karatasi. Miezi hiyo maofisa wa kodi walikuwa wakizunguka madukani, na ilisemekana hutuma watu wa kawaida kuwatangulia. Akakitazama kizibao, akakisukuma kidogo kwa ncha ya kidole, akasema hakijui.

Baba mkwe akakirudisha kwenye mfuko, akaja moja kwa moja chumbani kwetu.

Skola alikuwa anaosha vyombo. Baba yake alimwambia abebe mtoto waende nyumbani, mpaka mambo yajulikane. Skola akauliza mambo gani. Akaelezwa. Akasema, bila wasiwasi wowote, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi, kwamba kizibao kile alikichagua yeye mwenyewe, alikuwepo, mtoto mgongoni, duka lile lile.

"Wewe ni mke wake," baba yake akasema. "Ungesema nini kingine?"

Skola alifuta mikono. Alimfunga mtoto mgongoni akamfuata, kwa sababu ni baba yake.

Niliporudi nilikuta mlango umeegeshwa na vyombo nusu vimeoshwa. Jirani ndiye aliyenipa habari yote, aliyoisikia kupitia ukutani. Sikwenda Ruanda. Nilijua nikienda mikono mitupu nitakwenda kusema maneno, na pale maneno hayakuwa na soko. Nilikwenda dukani.

Mzee Athumani aliponiona alifunga nusu ya mlango. Nilimweleza nikiwa nje. Alinisikiliza kupitia ile nusu nyingine, akaanza kujipapasa miwani, kisha akakiri kwamba ndiyo, alikiuza yeye, alikijua pale pale, lakini aliogopa. Nikamwomba twende wote akaseme hivyo kwa baba mkwe. Hapo akarudi nyuma. Alitaka kujua ni nani mwingine atakuwepo. Alitaka kujua kwa nini ni lazima aseme mbele ya watu, na kama watu hao wanaandika. Nikaona kwamba mtu huyu na baba mkwe wangu wangeweza kuzaliwa tumbo moja.

Mkewe alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Alitoka, mama mnene mtulivu, akaweka viatu vya mumewe mbele ya miguu yake.

"Umemwachisha mtu mke kwa kukana kitu chako," akasema. "Vaa viatu."

Tulipata lifti ya gari lililokuwa likipanda kuchukua kahawa, kisha tukatembea. Mzee Athumani alikuwa amevaa koti jembamba la mjini, na kila tulipopanda ndivyo alivyozidi kunywea ndani yake. Chini ya kwapa alibeba furushi ambalo hakutaka nimsaidie.

Baba mkwe alitupokea uani. Viti vikatolewa. Skola hakutoka ndani. Mzee Athumani alianza kuzunguka, akazungumzia barabara na baridi, kisha akachoka na mzunguko wake mwenyewe.

"Mzee mwenzangu, kile kizibao nilikiuza mimi," akasema. "Nilikukana kwa kuwa nilidhani umetumwa."

"Na nani?"

"Watu wa kodi."

Baba mkwe alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona uso wake ukilegea mbele ya mgeni. Akasema alifanya vizuri kuogopa, naye angekuwa dukani angejibu vilevile. Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, akauliza atajuaje kwamba mkwe wake hakumlipa aje kusema hivi. Mzee Athumani hakukasirika hata kidogo. Naona aliliona ni swali la mtu mwenye akili. Alifungua furushi. Ndani yake mlikuwa na kizibao kingine, ndugu wa kile, cha shehena moja. Kile cha kwanza kikaletwa. Wazee wale wawili wakavigeuza vyote viwili ndani nje, wakainamisha vichwa pamoja, wakalinganisha bitana na bitana, uzi na uzi. Mimi nilikuwa nimesahauliwa.

Walipomaliza, baba mkwe akanigeukia. Akasema mke wangu yumo ndani, na kwamba tuondoke mapema kabla mvua haijashuka. Samahani haikuwepo. Mama mkwe alitujazia mfuko wa maharage kupita kiasi, na hiyo ndiyo ilikuwa samahani ya nyumba.

Skola alitoka na mtoto. Alimwamkia Mzee Athumani, akanipa mimi mzigo, kisha akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, mimi nilikuambia," akasema.

Baba mkwe alikuwa bado ameshika kizibao. Alianza kukikunja, akakosea, akaanza upya. Alisema kwamba jambo lilikuwa gumu kujulikana. Skola akaitikia kwa kichwa, akatangulia njiani.

Tulipofika barabarani aliniambia anataka tushuke tukaishi ziwani. Sikuuliza kwa nini. Kabla ya Krismasi tulikuwa Chiwanda.

Watu watakwambia kwamba waligombana. Hawakugombana. Skola alimtumia baba yake usipa na mchele kila gari lilipopatikana. Alipanda kwenda misiba na harusi. Alimwamkia kwa kupiga goti kama zamani. Alichoacha ni kumwambia mambo. Akiulizwa watoto, alisema wazima. Akiulizwa ziwa, alisema lipo. Yule ambaye zamani alirudi na habari nzima ya mfereji na kahawa, sasa alimpa baba yake neno moja moja, na baba yake aliyapokea bila kuomba zaidi, kwa kuwa alijua, nadhani, kwamba haki ya kuomba aliipoteza mwenyewe.

Na kizibao hakukivaa. Hili lilinichoma kuliko yote. Kila mwezi wa saba nilipopanda na biashara nilimkuta na koti lake kuukuu lililochanika viwiko, amejikunja kando ya moto. Mama mkwe alisema kiko sandukuni, kimefungwa kwenye kanga. Mimi nilihitimisha kwamba bado anakishuku, bado ananishuku, na kwamba yote yale ya kulinganisha uzi yalikuwa adabu tu kwa mgeni. Skola alinisikiliza nikisema hivyo, hakunipinga.

Jambo moja zuri lilizaliwa huko, nalo la ajabu. Baba mkwe na Mzee Athumani wakawa marafiki. Akishuka mjini alipewa kiti ndani ya duka, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kupewa kiti, na hapo walikaa hadi adhuhuri wakitazama wapita njia na kuwatilia shaka. Nimewakuta zaidi ya mara moja. Nilipoingia walinyamaza wote wawili, wakanitazama, kisha wakaendelea.

Miaka ilikwenda hivyo. Mama mkwe alifariki, Skola alipanda kwenda kumzika, akarudi na upole mpya ambao hakuueleza. Na mimi, sijui lini, nilikuwa nimeambukizwa. Nilijikuta nikigeuza shati dukani. Nilijikuta nikiwauliza watoto kwa nini wamechelewa, na kabla hawajajibu tayari siamini.

Kwa hiyo siku ile baba mkwe alipoteremka Chiwanda bila taarifa, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa ni baya. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, mchana, wakati mchanga wa ufukweni unakataa miguu. Gari lilisimama, akashuka mzee mwenye fimbo, akasimama akilitazama ziwa kama mtu anayeonyeshwa mali asiyonuia kuinunua. Hakuwahi kushuka kwetu hata siku moja. Nikajiuliza nani amekufa. Nikajiuliza kama amekuja kumchukua Skola tena. Nikaona alichovaa.

Alikuwa amevaa kile kizibao. Zipu ilikuwa imepandishwa hadi kooni. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso na kushuka hadi kwenye kola, na chini yake shati lilikuwa limeganda mikononi. Nilimwamkia, nikampokea mfuko, nikamwambia baba, kwetu kuna joto, vua kizibao upumzike. Akasema bado.

Skola alikuwa nyuma ya nyumba anaanika usipa juu ya chanja. Alisikia sauti akaja, magamba mikononi. Alipomwona alisimama. Macho yake yalikwenda kwenye kizibao, yakakaa hapo. Kisha akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nilileta kiti kivulini, hakukaa. Alisimama na fimbo yake juani, ananuka nafthalini ya sandukuni na safari, na nilielewa kwamba alikuwa amejiandaa kwa maneno na aliogopa akikaa yatampotea.

"Siku ile sikukuuliza," akamwambia. "Nilikwenda kumwuliza mtu wa duka, nikakuacha wewe. Kisha nikaona aibu, kila nikikiona hiki naona aibu. Sasa nimekuja kukuuliza."

"Kuuliza nini, baba?"

"Siku mlipokinunua. Ilikuwaje?"

Skola alimtazama. Alikuwa binti yake, na alitazama kama yeye, akitafuta ni nini kingine kilichomo ndani ya swali hilo. Watoto walikuwa wametoka nje kutazama. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta.

"Kwa nini sasa?" akauliza.

"Kwa sababu ukinieleza nitasadiki."

Basi akasogea. Alimshika kola kwa mikono yake yenye magamba, akashusha zipu taratibu, kama anavyomvua mtoto aliyetoka mvuani. Akamtoa mkono mmoja, akamtoa wa pili. Akamkalisha kwenye kiti, akaketi chini kando ya magoti yake, kizibao kikiwa mapajani pake, kimelowa, akaanza. Alimwambia kulikuwa na manyunyu. Mtoto alikuwa na kikohozi, alitaka kumwacha kwa jirani, akabadili mawazo. Akamwambia mimi nilitaka cha buluu, kile cha mifuko, naye akaniinamisha katikati ya duka, na baba mkwe akanigeukia akanitazama kuanzia juu hadi chini kana kwamba ananiona nimeinama, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Aliuliza mwenye duka alisema nini alipoona hivyo. Skola akamwambia.

Jua lilikuwa limeuzidi usipa kwenye chanja, na mwenyewe alikuwa ameusahau. Nikaenda kuugeuza mimi. Nilipokuwa kule niliisikia sauti ya Skola ikiendelea, ndefu, bila kukatwa, ikifika kwenye mwanga wa mlangoni na kwenye zipu, na kila iliposimama kuvuta pumzi nilimsikia baba yake akisema, "Ehe. Kisha?"